Gitaa la Shingo Upande

Mteja akifika kwenye kaunta ya duka la spea na kuomba taa ya mbele ya kushoto, hapewi taa. Anapewa swali.

"Kushoto ukiwa wapi?"

"Kushoto, bwana. Huku." Mteja huinua mkono.

"Huo ni mkono wako. Gari nalo lina kushoto kwake. Umekaa ndani umeshika usukani, au umesimama nje unalitazama usoni?"

Wapo wanaojigeuza taratibu katikati ya duka, mikono mbele, wakishika usukani usioonekana. Wapo wanaotoka nje kwenda kuliangalia gari lao upya, kana kwamba wameambiwa si lao. Kwa swali hilo muuza spea amepewa jina la Upande Gani, na jina alilozaliwa nalo limebaki kwenye kitambulisho. Halimkeri. Kwa miaka mitatu aliyosimama kwenye kaunta ile, hakuna taa wala kioo cha pembeni kilichorudishwa kwa kosa la upande, na hilo hulisema bila kupunguza sauti.

Kabla ya kaunta alikuwa chini ya magari. Alikuwa fundi katika gereji iliyo nyuma ya duka hilohilo, na mwisho wa wiki alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya watu watano inayotumbuiza harusini. Asubuhi moja injini aliyoinamia iliwashwa na mtu aliyedhani hakuna aliyeigusa. Mkanda wa feni ukaondoka na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto, cha pete na cha mwisho. Mwenye gereji alimfuata hospitali siku ya pili, akaweka funguo za duka juu ya shuka.

"Kaunta haihitaji vidole kumi," alisema.

Upande Gani hajazisahau funguo zile, na kila anapofungua duka huzishika sekunde moja zaidi ya inavyohitajika. Lakini gitaa si kaunta. Mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi shingoni, na vidole vilivyobaki havikutosha. Akaliweka gitaa juu ya kabati, uso chini. Nyumba ikanyamaza.

Aliyemtoa kwenye ukimya huo ni mpiga dramu wa bendi, mtu mnene mwenye mdomo usiojua huruma.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alimwambia, "lakini wewe unavyo vitatu huku na vitano kule. Hamisha kazi! Gumba na cha shahada vya kushoto vikwaruze, mkono wa kulia ubane. Au mkono wa kulia una cheo?"

Basi akaanza upya, kama mtoto anayejifunza kuandika. Alilishusha gitaa lile kutoka juu ya kabati, akaligeuza, akabadili mpangilio wa nyuzi, akachora alama nyeupe ubavuni mwa shingo ili jicho liuongoze mkono usiojua njia. Baada ya mwaka mmoja mkono wa kulia ulikuwa umeota sugu na umekubali kutumwa. Kikwazo kikabaki chombo chenyewe. Kiwiliwili cha gitaa huchongwa ili mkono ufike kwenye sauti za juu. Ukikigeuza, mchongo huo unakuwa upande usiofaa na mkono unagonga ukuta. Akatafuta gitaa la umeme la mashoto. Katika duka la vyombo vya muziki walimtazama kama mtu aliyeomba kiatu chenye kisigino mbele.

"Basi tuliunde," alisema mpiga dramu. "Wewe si mtu wa spea?"

Hapo ndipo wenzake wa bendi walipofanya jambo ambalo Upande Gani hadi leo hulisimulia akitazama pembeni. Waliketi, wakagawana gitaa kama watu wanaogawana mzigo wa kubeba. Mmoja aliagiza kiwiliwili, cha mashoto kweli, kikaja sawasawa. Mwingine akaagiza vinasa sauti, zile sumaku ndogo zinazokaa chini ya nyuzi. Wa tatu akaleta daraja linalozishikilia nyuzi kwenye kiwiliwili, na mpiga dramu akaleta masikio sita ya kukazia nyuzi, akisisitiza kwamba ni vizuri angalau mara moja mpiga gitaa awe na masikio. Shingo walimwachia mwenyewe aichague. Shingo ni kama kiatu, hachaguliwi mtu.

Muda ulikuwa mfupi. Mpiga gitaa wa kuazima alikuwa anahama mji, na kiongozi wa bendi alisema wazi kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi atasikiliza na kuamua: ama mwenye nafasi arudi, ama atafutwe mwingine wa kudumu. Upande Gani akamwambia mkewe kwamba mara hii ikishindikana, amplifaya itaondoka nyumbani na hatataka kulisikia jambo hilo tena. Mkewe alimwamini. Alikuwa ameishi naye miaka miwili ya ukimya.

Shingo ilifika Jumatatu, siku tano kabla. Aliifungua juu ya meza ya kukatia vitambaa, maana mkewe ni mshonaji na hakuna meza nyingine iliyonyooka nyumbani. Ilikuwa nzuri, nyepesi, inanukia mbao mpya. Akaishikiza kwenye kiwiliwili, akalipakata.

Mkewe alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja.

"Mbona hapa pa masikio panatazama sakafuni?"

Akatazama. Upande wa kukazia nyuzi ulikuwa chini. Vidoa vya ubavuni vinavyomwonyesha mpigaji alipo navyo vilikuwa chini, vikiisomea sakafu. Ilikuwa shingo ya mtu wa mkono wa kulia.

Siku ya kuagiza, kwenye simu aliwekewa picha mbili, kila moja ikiwa imesimama wima. Aliona iliyo na masikio upande wa kushoto, akasema hii ndiyo ya kushoto, akabonyeza.

Mkewe alielewa kabla hajaelezwa. Alijizuia kadiri alivyoweza.

"Mume wangu," alisema, "ulikuwa umekaa ndani, au umesimama nje unaitazama usoni?"

Upande Gani hakucheka. Alitoka akaketi kwenye ngazi ya mlango. Shingo nyingine ingechukua wiki sita kufika.

Mpiga dramu alipopata habari alikuja mbio, akaliinua gitaa, akaligeuza huku na huku.

"Shemeji," alimwambia mshonaji, "sisi tulitoa kwa moyo mkunjufu. Huyu ndiye aliyetoa kwa shingo upande."

Kicheko kikamtoka hata Upande Gani, na baada ya kicheko akili ikarudi kazini. Matundu manne ya skrubu hayakujali upande. Shingo ilikaa kwenye kiwiliwili kama imezaliwa nacho. Masikio yakitazama chini, mkono utayafuata hukohuko. Kile kipande cheupe chenye mikato sita, ambacho nyuzi hukivuka kama kizingiti zikiingia shingoni, alikigonga taratibu kikabanduka, akakigeuza, akakigandisha. Nyuzi nene zikapata mikato minene.

Vikabaki vidoa. Mwenye mkono wa miaka ishirini hahitaji kuvitazama. Yeye alikuwa na mkono wa mwaka mmoja. Alivichora upande wa juu kwa kalamu ya wino mzito. Baada ya nusu saa ya kupiga, jasho lilikuwa limefuta vyote na shati lina vidoa. Rangi ya kucha ya mkewe ilidumu hadi kesho yake, kisha ikabanduka. Jumatano alipiga bila alama, akakosa mahali pake mara tatu katika wimbo mmoja, akaliweka gitaa chini.

Mama mkwe wake anaishi nao tangu magoti yake yalipomkatalia ngazi za kwake. Ni mama wa maneno machache, na machache hayo kwa kawaida humpitishia binti yake hata mkwe akiwa mbele yake. Hukaa dirishani akifuma sweta za watoto. Gitaa alikuwa akiliita "hilo la kukwaruza."

Siku hiyo aliinuka mwenyewe, akaja hadi mezani, akaweka sindano moja ya kufumia, ya plastiki, nyeupe.

"Milimita mbili," alisema. "Imeandikwa mwishoni. Toboa, chomeka, kata. Itabanduka vipi ikiwa ndani?"

Upande Gani akaishika. Ilikuwa ndiyo hasa.

"Mama, nikiikata hii, mwenzake atafuma na nani?"

"Hilo langu."

"Lakini mama, si ulikuwa hulipendi gitaa?"

Bibi aliivuta shali yake. "Nyumba hii ilikuwa na kelele, nikalalamika kichwa kinauma. Ikanyamaza miaka miwili, kichwa kikauma zaidi. Kata, mwanangu."

Alhamisi, mkewe alishikilia shingo juu ya mto wa kubania pini, naye akatoboa matundu kumi kwa drili ndogo. Akachomeka sindano, akakata, akachomeka, akakata. Tone la gundi kila tundu, kisha msasa hadi kidole kisihisi kitu. Ijumaa akalehemu nyaya, akafunga nyuzi upya. Kipande kilichobaki hakukitupa. Alikifunga kwenye karatasi akakitia katika mfuko wa shati. Halafu akaenda gereji, akaomba spoki moja ya gurudumu la baiskeli yenye unene uleule. Akaikata urefu wa sindano, akaichonga ncha, akaisugua hadi ikang'aa, akaipachika kifungo cha koti mwishoni.

"Si ya kiwandani," alimwambia mama mkwe.

Bibi aliipima kwenye mwanga. Kisha akaanza safu mpya.

Jumamosi mchana bendi ilikutana katika darasa la shule, madawati yakiwa yamesukumwa ukutani. Mshonaji alikuja, na bibi akaja pia, akapewa kiti cha mwalimu. Kiongozi alichagua wimbo wenye kipande kirefu cha gitaa, kinachopanda hadi pale penye vidoa viwili pamoja, na akauanzisha bila kuuliza kama kuna aliye tayari.

Upande Gani aliinamisha macho. Vidoa kumi vyeupe vilimtazama. Mkono wa kulia ukapanda vyuma vya shingoni, cha tatu, cha tano, cha saba, ukasita kwenye cha tisa kiasi cha pumzi moja, ukatua kwenye vidoa viwili. Sauti ikatoka safi, ikakaa hewani. Mpiga dramu alipiga bati la dramu mahali pasipokuwa pake kwenye wimbo, kwa furaha tu.

Wimbo ulipokwisha kiongozi alikunja waya wake, pole pole, kama kawaida yake.

"Jumamosi ijayo uje mapema," alisema. "Spika hazijibebi."

Mkewe alijifanya anatafuta kitu mkobani. Upande Gani aliwatazama mmoja mmoja, aliyeleta daraja, aliyeleta vinasa, aliyeleta masikio, akawapa mkono. Hapo kikasikika kitu kutoka kwenye kiti cha mwalimu, sauti mbili zisizofanana, plastiki na chuma, zikigongana kwa mpigo.

"Mama," aliuliza, "hiyo ya chuma inafaa?"

"Spea ni spea," alisema bibi, bila kuinua macho. "Lakini inafuma."