Udi Chini ya Ardhi

Tulimzika Ijumaa iliyopita bawabu mmoja, jirani yangu hapa Amu, mjini Lamu, ambaye miaka mingi nyuma tulifanya kazi pamoja Ghuba, huko Uarabuni. Alikufa mzee, kitandani kwake, wanawe wakimsomea Yasini. Nalitaja hilo kwa makusudi, kwa kuwa kuna siku alikaribia kufa mbali na wanawe, ghorofa tatu chini ya ardhi, huku akinukia vizuri.

Wanaonijua wanajua sikubebwa na mtu. Niliondoka Amu na begi moja, nikasoma jioni baada ya vibarua, nikapata stashahada ya mitambo ya hewa, hata nikakabidhiwa maegesho mazima ya magari, yaliyochimbwa chini ya ardhi. Kazi yangu ilikuwa kupima moshi. Injini hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, kaboni monoksidi, nayo ikijaa mahali pasipo upepo humuumiza mtu kichwa, humlegeza, kisha humlaza asiamke. Marehemu alilinda ghorofa ya chini kabisa, ndani ya kibanda cha vioo, na kwa muda mrefu alilalamika kichwa. Akaamini ametiwa jicho. Basi akafanya kama tufanyavyo kwetu: akawasha chetezo, akatia udi na ubani juu ya makaa, akafunga mlango ili harufu isipotee. Kichwa kilipozidi, akaongeza makaa.

Siku za kuelekea Idi magari yalipanga foleni, injini zikinguruma. Siku moja nilipofungua mlango wa kibanda, kipimo changu cha mkononi kikaanza kulia.

"Bwana fundi," akacheka, "mashine yako haipendi udi wa Amu!"

"Toka humo, mzee wangu. Hewa hiyo ni sumu."

"Hewa hini yanukia hivi, wewe wasema sumu? Hiyo diploma imekutoa pua!"

"Gesi hii haina harufu. Na makaa yako yanaitoa vilevile."

"Basi kitoe chetezo, tuone."

Nikakitoa, nikaweka kipimo mezani kwake. Namba ikashuka kidogo, kisha ikapanda tena, maana feni ya pembe ile ilikuwa imekufa na moshi wa foleni ulikuwa ukiingia. Akaacha kucheka. Alipotaka kuinuka magoti yakamkataa, nikamkokota hadi juu barabarani. Alitapika, akavuta pumzi, akanitazama.

"Subhanallah," akasema. "Nami nalikuwa nikimshuku shemeji yangu."

Feni niliitengeneza siku ileile, na sijaona fundi wa kunifikia. Lakini ni yeye aliyelibeba jambo hili hadi nyumbani. Siku hizi umeme wa Amu ukikatika, jenereta huwashwa ndani, milango imefungwa, watu wakiogopa mvua na wezi, kisha chumba kikafukizwa udi ili kuondoa harufu ya mafuta. Tumelelewa kuamini kuwa nyumba inayonukia ni nyumba salama. Marehemu alipita mlango kwa mlango akikataza, na wengi walimcheka kama alivyonicheka mimi.

Kwenye hitima yake umeme ulikatika, kisha taa zikarudi. Nikajua jenereta imewashwa, nikainuka haraka kuitafuta. Mjane wake akaniita kutoka nyuma ya pazia: "Keti, Bwana. Iko nje, mwisho wa uchochoro. Waya mrefu ule aliununua mwenyewe, akaniusia: hata siku yangu, Bi, isiingizwe ndani."

Nikaketi. Chetezo kikapitishwa, nasi tulikuwa tumefungua madirisha yote.