Grafu Mbili za Bwawa

Hidaya Nassoro alikuwa mtu wa kushuku. Sokoni Mlola hakununua kabichi bila kuibinya mara mbili, na akiletewa habari njema aliuliza kwanza imetoka kwa nani. Kitu ambacho hakukishuku ni kompyuta yake.

Ndiye karani wa kamati ya maji. Familia saba hunywesha bustani zao kutoka bwawa moja, kila moja siku yake, na mwenye siku hushika ufunguo wa lango. Msiba ukitokea watu hubadilishana zamu, hata mwezi ukiisha hakuna anayekumbuka nani alikuwa na ufunguo lini. Hayo yamo kwenye daftari la Hidaya. Mwezi wa tisa, katikati ya kiangazi, maji yalishuka siku moja kwa kiasi cha siku nne, na karoti za watu zikakauka. Lisemwalo lipo: kuna aliyeacha lango wazi makusudi, bustani yake ishibe.

Hidaya alijifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, chuoni Morogoro. Akachora grafu mbili, akazipanga juu na chini kwenye karatasi moja. Ya juu ilionyesha mwenye ufunguo, kila familia na rangi yake, na kuliani akaweka ukanda wa kueleza rangi. Ya chini ilionyesha kina cha maji. Tarehe akaziandika chini tu, kwa unadhifu.

Kikaoni daftari halikufunguliwa. Karatasi ya rangi ilikuwa tamu zaidi machoni. Baba yake, Mzee Nassoro, ambaye ndiye mwenyekiti, akasimamisha rula pale maji yalipoporomoka, akaipandisha mpaka kwenye rangi. Ikagota kijani, na kijani ni jirani yao, Mzee Amiri.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema Mzee Nassoro. Wakampa Amiri wiki moja ajieleze, la sivyo atolewe kwenye zamu. Kwa mkulima wa kabichi, hiyo ni sawa na kuambiwa uhame.

Wiki ile kila alichofanya Amiri kilinuka. Mbona kabichi zake zimenawiri? Mbona anasalimia kwa sauti kubwa hivyo? Na siku asiposalimia, Hidaya alilihesabu hilo pia kuwa ushahidi.

Asubuhi ya kikao cha pili Amiri akabisha hodi. Hidaya akamwamkia shikamoo kwa shingo upande. Mzee hakujitetea, aliomba tu kuiona ile karatasi. Akaitazama kitambo.

"Mwanangu, matuta haya mawili hayakupimwa kwa kamba moja," akasema. "Mwezi ni mmoja. Mbona huku juu umeisha mapema?"

Alipoondoka, Hidaya akafungua kompyuta akiwa amenuna, akitaka kumkosoa. Kweli, ukanda wa rangi ulikuwa umejikatia nafasi kwenye grafu ya juu peke yake, na siku zake thelathini zikabanwa kuelekea kushoto. Mwanzo wa mwezi zililingana na za chini, ndiyo maana hakuna aliyestuka. Kadiri mwezi ulivyosonga zikapishana, na ilipofika tarehe ishirini na mbili zilikuwa zimekosana kwa siku nne. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Akaupa ukanda nafasi yake pembeni, grafu zote mbili zikawa na upana mmoja.

Sasa mporomoko ulisimama chini ya buluu. Buluu ni wao. Akafungua daftari: tarehe ishirini na mbili, ufunguo, Nassoro. Mwandiko ni wake mwenyewe.

Baba yake alikuwa uani akichambua mbegu za maharage. Hidaya akamwekea karatasi mpya mbele yake, akamweleza kosa. Mzee hakuuliza kosa limetokeaje.

"Nani mwingine ameiona hii?"

"Hakuna."

"Basi ile ya kwanza inatosha. Watu wameshaizoea."

Hidaya aliumia kuliko alivyowahi kuumia, kwa sababu hapakubaki cha kushuku. Akaikunja karatasi, akajitanda mtandio.

"Nisamehe, baba. Kikao ni saa nane. Mimi naanzia kwa Mzee Amiri."

Baba yake akamwita mara moja tu, kwa upole ambao hakuwahi kuusikia kwake, naye hakugeuka.