Korongo la Wakio

Mume wa Wakio alikwenda vita vya Burma, hakurudi. Hata matanga hayajaondolewa, shemeji yake Mwandawiro akachukua shamba lao la mferejini, akamwachia mjane genge la mawe huku juu Wusi. "Sisi ni nyumba moja," alisema, "mpaka wa nini?" Wakio alikuwa bado analia.

Genge lenyewe halikuotesha hata mahindi ya kumtosha, lakini mawe yake aliyapenda. Kila mvua ikipita alishuka korongoni mwake kuokota yale mekundu, akayalamba tope litoke, akayainua juani yakawaka kama punje za komamanga. Hakuuza hata moja. Aliyatia kibuyuni ayatazame, basi. Wanawake kisimani walimcheka: "Wakio, leo ni ya mchuzi au ya kukaanga?"

Miaka ikapita hivyo. Mwaka wa hamsini na tano, Mwandawiro, ambaye hajawahi kumletea hata chumvi, akaja na paja la mbuzi.

"Shemeji, umechoka na huu mlima. Rudi kwako mferejini. Huku niachie nifuge mbuzi."

"Mbuzi watakula mawe?"

"Ala! Mtu akitendewa wema anauliza maswali?"

Macho ya Wakio yakashuka miguuni pa shemeji. Tope jekundu la korongoni lilikuwa limemkaukia hadi vifundoni.

"Sawa. Ita wazee tupande masale kule mferejini."

Masale ndiyo mimea ya mpaka. Yakipandwa mbele ya wazee, hakuna wa kuyang'oa.

"Masale ya nini? Sisi ni nyumba moja."

Maneno yale yale. Wakio akamrudishia paja lake.

Kulipokucha alikwenda kwa wazee mwenyewe. Mferejini hakukutaja, aliomba genge lake liwekewe mpaka. Wazee wakapanda mlima, Mwandawiro akaitwa.

"Hapa ulimpa shemeji yako, au hukumpa?" mzee Reuben akamuuliza.

Mwandawiro akapiga hesabu. Akikana, ataulizwa basi mjane alipewa nini badala ya shamba. Akisema anapataka, ataulizwa anapatakia nini.

"Nilimpa."

"Haya, shika jembe uchimbe mashimo."

Akachimba, jasho likimtiririka. Wakio akapanda miche nyuma yake, mmoja mmoja, macho yake kwenye mikono ya shemeji. Kila Mwandawiro alipoinuka kutoka shimoni, Wakio alimwambia, "Fungua kiganja."