Mizizi ya Mahameni

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa huku Handeni, jirani yangu mganga aliendelea kuchimba dawa kule mahameni kwetu, mwendo wa nusu siku. Akikata mzizi huutajia mti jina la mgonjwa, hufukia shimo, kisha huupigapiga udongo kwa kiganja kama anayebembeleza mtoto. Mwenyekiti alimwambia miti ileile imejaa nyuma ya nyumba zetu.

"Ipo," alijibu. "Lakini wazee wetu wamelala kule. Huku nimwombe nani ruhusa?"

Masika yale mumewe akafariki, tukamzika kando ya shamba la kijiji. Alipotoka eda nilimkuta kachuchumaa nyuma ya jiko langu, anafukia shimo.

"Shikamoo bibi. Leo huendi mahameni?"

"Marahaba." Akafuta jembe kwa upindo wa kanga. "Huku nako sasa nina mwenyeji."