Sahani ya Mama Khainza

Watu wa Namatala wakimkumbuka marehemu baba yangu, Burhan fundi cherehani, husema alikuwa mpole kupita kiasi. Mpole! Hawakuliona sikio langu siku ile alipolivuta katikati ya soko la Mbale mpaka machozi yakanitoka. Nilivutwa, nililia, na sikunyanyuka nilipokaa. Leo ninaongea nanyi chini ya bati letu wenyewe kwa sababu ya ukaidi ule, kwa hiyo mniache nijisifu kidogo.

Baba alizaliwa Jinja, katika ukoo wa Wanubi. Babu yake alikuwa askari wa Mwingereza, na kwa ajili hiyo watu walidhani kila Mnubi huzaliwa na bunduki kitandani. Baba hakuwahi kushika bunduki. Alishika mkasi. Alihamia Mbale akiwa kijana, akawa anashona gomesi za akina mama, suruali za walimu na kanzu za sikukuu. Akajenga nyumba ya vyumba viwili Namatala, akamwoa mama yangu, Hadijah. Jirani yetu, ukuta kwa ukuta, alikuwa Mama Khainza, Mgisu mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya mlima.

Kati ya mama na Mama Khainza kulikuwa na sahani. Ilikuwa sahani ya bati, nyeupe, ina ua jekundu katikati na ukingo wa buluu. Mama Khainza akipika malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani yanayokaushwa kwa moshi na kuungwa karanga, alituletea kwa sahani hiyo. Na kwetu sisi sahani ya mtu hairudi tupu. Kama huna kitu ila chumvi, weka chumvi. Ukiirudisha tupu umemwambia mwenzako kwamba mambo yenu yameisha. Basi mama aliijaza wali au maandazi, mimi naibeba, inakwenda, na Jumamosi nyingine imesharudi. Miguu yangu ilijua njia ile kabla kichwa hakijajua kuhesabu.

Mwaka wa sabini na tisa vita vikafika Mbale na serikali ya wanajeshi, ambayo watu waliihesabu kuwa ya Wanubi, ikaanguka. Watu walikuwa wameteseka miaka mingi, walitaka wa kumlipa, na waliotuona sisi walidhani wamempata. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyeshika mkasi. Tuliondoka alfajiri na kile mama alichoweza kukifunga ndani ya shuka, tukavuka mpaka kuingia Kenya. Tulipoifungua shuka ile Bungoma tukaona mama kaacha birika, kaacha blanketi, kaacha viatu vya baba vya Idi, na kafunga sahani ya Mama Khainza. Ilikuwa imeoshwa, inangojea kujazwa, na katika haraka ile mikono yake ilichukua kilichokuwa karibu. Baba alicheka mpaka akakohoa. Mama hakucheka hata kidogo.

"Tumekimbia na sahani ya mtu," alisema, "tena tupu."

Homa ilimchukua hukohuko Bungoma. Alituachia maneno mengi, lakini mimi nilikuwa mtoto na nilishika moja tu: sahani irudi kwa mwenyewe, na isirudi tupu.

Tulirejea Uganda mwaka wa themanini na moja, lakini si nyumbani. Tulifikia Jinja kwa shangazi Mastula, dada yake baba, katika nyumba ndogo yenye watu kila kona. Baba hakuwa tena na cherehani. Alikaa barazani akishona vifungo na pindo kwa mkono, anakula kidogo, anaongea kidogo, kama mgeni aliyekaa hadi amechokwa. Shangazi alikuwa na moyo mwema na mdomo usio na breki. Alimwambia kaka yake aisahau nyumba ya Namatala: ama wameingia wengine, ama mabati yameng'olewa, na akionyesha uso wake pale atavunjwa miguu. Baba akaamini. Nafikiri aliamini kwa sababu kuamini kulikuwa kwepesi kuliko kwenda kuona.

Jumamosi moja shangazi akamtuma Mbale. Alikuwa amepata sukari, na sukari siku zile ilifichwa kuliko dhahabu. Alitaka ibadilishwe kwa mchele na vitunguu, ambavyo Mbale havikuwa haba. Akasema nami niende, maana askari wa vizuizini huwa hawamsumbui sana mwanamume mwenye mtoto. Mfuko wa sukari akanifunga kiunoni kwa kitambaa, chini ya gauni. Baba akatoa amri yake mapema: tunakwenda sokoni, tunarudi, Namatala hatukanyagi. Nilimuuliza mbona. Nikamuuliza tena. Akasema nikifungua mdomo mara nyingine nitabaki. Nikanyamaza, na kwa jinsi alivyonijua, kunyamaza kwangu kulipaswa kumtia wasiwasi. Sahani nilikuwa nimeshaitoa uvunguni na kuilaza chini kabisa ya kikapu.

Tulipanda nyuma ya lori la mihogo. Kwenye kizuizi kimoja wakatushusha wote, na askari mmoja kijana akakimwaga kikapu chetu barabarani. Sahani ikazunguka mpaka kwenye buti lake. Baba akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile tena. Askari akaiokota, akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati, akasema itamfaa kwa chakula.

Nikaishika ukingo wa pili.

"Si yetu, afande," nikamwambia. "Ni ya Mama Khainza, na bado haijajazwa."

Lo, mtoto mimi! Watu walikuwa wanakufa kwa kosa dogo kuliko hilo. Watu wa lori wote wakainamisha macho. Yule askari alivuta, nami nikavuta. Akamuuliza baba kama mtoto huyu ni mgonjwa. Baba akajibu kwa sauti ambayo haikutoka vizuri kwamba si mgonjwa, afande, ndivyo alivyo. Kijana akanikazia macho kitambo, na mimi nikamkazia yangu, halafu akaiachia. Akautaka mkanda wa baba. Ulikuwa wa ngozi, kitu pekee kizuri kilichobaki mwilini mwake. Baba akaufungua bila neno, na kuanzia hapo mpaka Mbale fundi mzima wa suruali akasafiri ameshika suruali yake kwa mkono.

Sokoni akaokota kamba ya katani, akajifunga. Hasira zake nilizisikia kwa jinsi alivyopumua. Tukamkuta mwenye mchele, wakakubaliana, baba akaniambia nifungue kitambaa nitoe sukari. Nikasema sitoi. Nikaweka sahani mapajani, nikakaa chini, kwenye maganda ya vitunguu, nikasema sukari ni ya kujazia sahani kwanza. Ndipo sikio langu likavutwa. Mama mmoja muuza nyanya akasema kwa sauti kuwa sikio la kufa halisikii dawa, na wenzake wakacheka. Nililia na kukaa palepale. Mnaweza kuniita kichwa ngumu, wengi wameniita, lakini mama yangu alikuwa ardhini ugenini na hilo ndilo neno lake pekee nililokuwa nalo mkononi.

Baba akaliachia sikio. Akachuchumaa mbele yangu, kamba kiunoni, akasema polepole ili wale akina mama wasisikie:

"Madina, nikienda nikakuta nyumba haipo, nitaishi kwa kutegemea nini?"

Hapo ndipo nilipojua. Siku zote nilidhani anaogopa kupigwa. Kumbe alikuwa ameiweka nyumba ile kichwani, nzima, na mama ndani yake, na hakutaka mtu aje amwambie vinginevyo.  Nilisema tu kwamba mama alisema isirudi tupu. Baba akakaa chini kabisa, kando yangu, akakaa muda mrefu hata mwenye mchele akahudumia wengine. Kisha akainuka.

"Haya, twende," akasema. "Lakini ukiona nakimbia, na wewe kimbia."

Tulishuka Namatala tumeshikana mikono. Tukiwa bado mbali nikaona bati. Nikamwambia baba, bati lipo, akaniambia ninyamaze, huenda ni la mtu mwingine. Tukakaribia. Dirishani mwetu alikuwa anachungulia mbuzi. Na mlangoni, mlangoni petu, amekaa Mama Khainza anachambua maharage juu ya ile meza ya cherehani ya baba.

Alituona. Hakupiga kelele, yeye mwenye sauti ile. Macho yake yalianza kwa baba, yakashuka mpaka kwenye kamba ya katani, yakaja kwangu, yakatafuta nyuma yetu barabarani.

"Hadijah yuko wapi?"

Baba akanisukuma mbele kidogo. Basi nikasema mimi. Mama Khainza akaweka mikono kichwani, akakaa vile, maharage yakimwagika miguuni mwake. Mimi sikujua lingine la kufanya ila lile nililolijia. Nikafungua kitambaa, nikamimina sukari yote ya shangazi kwenye sahani, hata haikubaki punje ya kubadilishia mchele wala vitunguu, nikampa kwa mikono miwili.

Akaipokea. Akalifunua lile ua jekundu kwa kidole, akalitazama, kisha akamgeukia baba.

"Walikuja mara nyingi kuitaka nyumba hii, Baba Madina. Nikaingiza mbuzi wangu ndani, nikakaa hapa mlangoni. Wakaniuliza, unawangojea nini Wanubi, hao hawarudi. Nikawaambia watarudi tu. Hadijah ana sahani yangu."

Baba akakaa kwenye kizingiti chake mwenyewe, akalia kwa sauti, mchana, watu wakipita. Mbuzi wakatoka wakamnusa. Nilimwona baba yangu akilia, na nilifurahi, maana tangu Bungoma hakuwa amelia, na kile kilichokuwa kimemkaba kilikuwa kinamuua. Mama, kwa haraka yake na kwa kukosea kwake, alikuwa ameacha blanketi na kuokoa nyumba.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kilikuwepo. Cherehani yenyewe iliibwa siku ileile tulipoondoka, na Mama Khainza aliomba msamaha kana kwamba yeye ndiye mwizi. Ilibaki meza. Bati moja lilikuwa limetobolewa. Ndani kulinuka mbuzi mpaka Ramadhani ya mwaka uliofuata. Lakini palikuwa petu. Mpaka leo nikifagia chumba kile huwa nasema alhamdulillahi kabla sijashika ufagio.

Jioni ile Mama Khainza hakukubali tuondoke hivihivi. Alipika malewa, akaisafisha sahani, akaijaza, akampa baba mkononi. Baba akaipokea. Akasema basi itabidi tuhame, yeye hawezi kupanda lori kutoka Jinja kila Jumamosi kwa ajili ya sahani, na si kila askari atakubali mkanda. Mama Khainza akacheka, na kicheko chake kilisikika mpaka Malukhu, nadhani. Shangazi Mastula tulipomrudia mikono mitupu alifoka kwa lugha zote alizozijua, kisha akaonja malewa, akaanza kutufungia mizigo yetu.

Baba alipata cherehani ya zamani baadaye, akashona pale pale barazani mpaka macho yalipokataa. Sahani ilikwenda na kurudi miaka yote hiyo, rangi ikibanduka pembeni. Siku ya maziko ya baba, Mama Khainza aliileta imejaa, akaniwekea mkononi, akaondoka bila kusema.

Sasa yeye mwenyewe ni mzee, meno hana, na tangu mvua zilipoanza hanyanyuki kitandani. Khainza, binti yake, alinijia juzi. Akaniambia kwa adabu, dada Madina, sahani ya mama imekaa kwako muda mrefu, si desturi yenu hiyo. Ni kweli, si desturi. Chakula nampelekea kila Jumamosi, lakini nampelekea kwa bakuli langu. Sahani nimekataa.

Jumamosi iliyopita nilimlisha uji, kijiko kwa kijiko. Alipomaliza akanishika mkono, akaniuliza sahani yake iko wapi.

"Iko kwetu, mama," nikamwambia. "Ingojee."