Hewa ya Chumbani kwa Bibi

Nilikisikia kikohozi chake kabla sijaiona nyumba. Bodaboda ilikuwa imenishusha kwenye njia ya Kagerankanda, nimebeba boksi kichwani, na migomba bado inauficha ukuta. Kikohozi kikanijia kupitia majani makavu: kirefu, kikasimama katikati kama mtu anayepumzika mlimani, kisha kikaendelea kupanda. Nikaongeza mwendo.

Bibi alikuwa ameketi mlangoni, ungo wa maharage mapajani. Alifuta macho kwa pindo la kitenge akanitazama, kisha akalitazama boksi.

"Mume wangu," alisema, maana ndivyo anavyoniita tangu nilipozaliwa, "hatimaye umeleta mahari?"

"Nimeleta hewa, Bibi."

"Yoo! Hewa kwenye boksi. Huko mjini mmemaliza mambo."

Ilikuwa mashine ya kusafisha hewa. Baba mdogo, mwanawe wa mwisho, anayeishi ng'ambo katika nchi ya theluji, alikuwa ameituma kwa mtu aliyekuja likizo. Ilikuwa nyeupe, yenye umbo la ndoo ndefu, na juu yake mduara wa taa. Hewa ikiwa safi taa huwa ya bluu, ikichafuka huwa nyekundu. Namba ya moshi na vumbi husomeka kwenye simu, hata mwenye simu akiwa mbali.

Hilo la mbali ndilo nililolihitaji. Daktari wa Kasulu alikuwa amesema kifua cha bibi kimechoshwa na moshi. Shangazi, binti yake mkubwa, aliposikia hivyo aliamua jambo moja: bibi ahamie kwake Kibondo, kwenye nyumba ya vigae na jiko la gesi, na ahamie moja kwa moja. Bibi alikataa. Wakakataliana kwenye simu wiki nzima, mpaka nikajitia katikati. Nilikuwa nikikaa kwa shangazi, nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya pale, na nilimwomba atupe siku kumi na nne.

"Jumamosi ya pili nitakwenda kuona mwenyewe," shangazi alisema. "Nikimkuta anakohoa hivihivi, namchukua. Na wewe usinililie."

Sikumwambia kwamba ningelia. Bibi alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa msichana, akiongozwa na sauti ya mama yake gizani. Tangu hapo alihamishwa na watu wenye orodha: kutoka uwanja hadi kambi, kutoka kambi hadi kambi nyingine, kutoka hapo hadi mahali walipoonyeshwa vichaka na kuambiwa walime. Nyumba hii ya matofali ya kuchoma aliijenga baada ya kupata karatasi ya uraia. Hakuna aliyemwonyesha kiwanja. Alikipata mwenyewe, akitembea, akionja udongo kwa ncha ya ulimi.

Nilidhani kuiunganisha mashine na simu ni kazi ya dakika tano. Kijitabu chake kilikuwa na picha nne tu: washa, fungua programu, chagua mtandao, subiri. Nikaiweka chumbani, kando ya kitanda, nikachomeka waya. Taa ikaanza kupepesa. Nikafungua programu, nayo, kabla ya jambo lolote, ikaomba ruhusa ya kujua mahali tulipo.

Nikamtafsiria bibi. Uso wake ukajifunga.

"Inataka kujua nilipo kwa nini?"

"Ndivyo inavyofanya kazi, Bibi. Isipojua haiipati mashine."

"Nimeandikwa vya kutosha, mwana wanje, mwanangu. Kila aliyeniuliza nilipo, alikuja baadaye na lori."

Kidole changu kilikaa hewani juu ya kioo. Ningeweza kubonyeza tu, asingejua. Lakini chumba kilikuwa chake na kifua kilikuwa chake. Nikaiweka simu kitandani nikasubiri. Bibi alitazama mashine inavyopepesa, akatazama dirisha, akakohoa mpaka akashika ukingo wa kitanda. Alipotulia alisema:

"Haya, iandikie. Iambie nipo hapa na sihami."

Nikabonyeza. Kisha ikaja shida ya mtandao. Nyumba ilikuwa na taa tatu, redio, na simu ya bibi ya vitufe. Nilikuwa nimekuja na simu yangu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, niiache pale ikichaji siku zote na kuigawia mashine intaneti. Simu yangu mpya iliuona mtandao wa ile ya zamani palepale. Mashine haikuuona. Nikazima, nikawasha. Nikaandika upya neno la siri. Nikaibeba simu ya zamani na kuibandika ubavuni mwa mashine kama mtu anayemnong'oneza kiziwi. Mara nne programu iliniambia nijaribu tena baadaye.

Aliyetuokoa ni jirani, mama Mkongo aliyeolewa hapo kijijini, mwenye kibanda cha kuchaji simu na kuweka nyimbo. Alikuja kuomba chumvi, akasimama mlangoni mwa chumba, mikono kiunoni.

"Koko," alimwambia bibi, "uyu mutoto anapigana na frigo?"

"Si friji, mama," nikasema. "Ni ya kusafisha hewa."

"Hewa iko bure huku, na munainunua?" Akacheka, akanyoosha mkono. "Leta telefoni." Akaingia mahali pa kugawa intaneti, akashuka chini kabisa ambako sikuwahi kufika. "Ona. Rezo yako ya intaneti iko ya mbio sana. Hii mashini haijue kukimbia. Kamera ya kwa kibanda yangu iko vilevile. Inapenda rezo ya polepole, ya zamani." Akagusa mara moja. "Ita tena."

Nikaita tena. Mashine ikaacha kupepesa. Ikavuta pumzi, ndivyo ilivyosikika, na mduara ukawaka mwekundu. Kwenye simu ikatokea namba: mia moja arobaini na tatu.

"Ni nyingi?" bibi aliuliza.

"Nyingi sana."

"Basi ina akili," akasema, akapiga makofi.

Programu iliuliza jina la chumba. Ilinipa la kulala, la watoto, sebule. Bibi akayakataa yote, na nikaandika alivyotaka: Chumba cha Mwenye Nyumba.

Jambo moja tu hatukukubaliana. Mafiga yake yalikuwa ndani, kwenye chumba cha nyuma, na ukuta kati yake na kitanda haukufika darini. Nje kulikuwa na jiko ambalo baba alimjengea, jiko zuri lenye tundu la moshi, lakini bibi alikuwa amewapa kuku. Nilipomwambia moto uhamie huko, alinitazama kama nimetukana.

"Nyumba isiyo na moto ndani ni kaburi lenye bati. Na mashine si imekuja kula moshi? Iache iule."

Niliondoka siku iliyofuata, mashine ikisoma themanini.

Kibondo, niliamka kila siku nikaangalia simu kabla ya kunawa uso. Siku ya kwanza: saba. Siku ya pili: sita. Asubuhi, saa ambayo nilijua bibi amewasha kuni za uji: nane. Bluu, bluu, bluu. Nilimwonyesha shangazi akikaanga mayai.

"Saba ya nini?" aliuliza.

"Ya uchafu. Hapa kwako tungekuwa na thelathini."

"Namba hainipikii mboga. Yeye mwenyewe anasemaje?"

Nilikuwa nikimpigia. Alisema ego, ndiyo, anaendelea vizuri, kuku wanataga. Mara nyingine sauti ilipotea katikati ya neno, nikasikia kama mtu ameweka simu kwenye godoro, kisha akarudi na kuniuliza nimekula nini. Nilipaswa kushtuka. Moto unaowaka hatua nne kutoka kitandani hauachi hewa ya namna ile. Lakini nilikuwa nimeitamani sana ile bluu, na mtu akitamani kitu kiasi hicho hakiulizi maswali.

Jumamosi ya pili tulifika, shangazi na mimi, saa nne asubuhi. Safari hii sikuhitaji kusikiliza kutoka kwenye migomba. Bibi alikuwa sebuleni, ameinama, mkono ukutani, akikohoa kile kikohozi cha kupanda mlima, na moshi wa uji ukiwa umetanda chini ya bati.

"Ina ngapi?" shangazi aliniuliza bila kunitazama.

Nikatazama simu. "Sita."

"Sita." Akavua viatu. "Mama, kanga zako ziko wapi?"

"Zipo zilipo."

"Mama, nisikilize. Sikuchukui kwenda kambini. Nakupeleka kwa mtoto wako."

"Na wale nao walisema ni kwa ajili yangu," bibi alisema. Hakupandisha sauti. Shangazi alisimama kidogo, kisha akaingia chumbani na mfuko wake mkubwa, nami nikamfuata ili niing'oe mashine. Kama bibi anahama, nayo ingehama.

Sikuiona. Pale nilipoiacha kulikuwa na kitu kama mtoto wa kipaimara: kitambaa cheupe cha pamba, kizito, kilichotariziwa ndege wekundu, kimeshuka kutoka juu hadi sakafuni, na pindo lililofumwa kwa mkono limezunguka chini. Kwetu hakuna chombo cha maana kinachokaa uchi. Redio ina chake, kiti cha mgeni kina chake, na bibi alikuwa ameshona hiki kwa vitambaa vyake vya zamani siku niliyoondoka, kwa kipimo, hata tundu la waya aliliacha.

Nikakishika kwa vidole viwili nikakiinua.

Mashine ilikuwa ikipumua polepole, bluu, na kuridhika. Hewa iliyoitoa juu iligonga kitambaa, ikashuka ubavuni, ikaingia tena chini. Wiki mbili ilikuwa ikisafisha hewa yake yenyewe.

"Mama!" shangazi aliita. "Nani ameivisha hii?"

Bibi alikuja mlangoni. "Mimi. Kitu cha watu kimetoka mbali. Nimekifunika vumbi lisikiingie."

"Umeifunika mashine ya kula vumbi ili vumbi lisiingie?"

"Sasa ingekaa hivihivi?"

Shangazi alijaribu kukasirika. Nilimwona anavyojaribu. Kisha akaketi kitandani akacheka mpaka akashika mbavu, na bibi akacheka, na kicheko chake kikageuka kikohozi, na kikohozi kikatunyamazisha sote. Wakati huo mduara ulikuwa umeanza kubadilika. Mashine ikanguruma. Kwenye simu, sita ikawa arobaini, ikawa mia moja na ishirini, ikawa mia mbili na kumi.

Nikamgeuzia bibi kioo. Shule hakwenda, lakini namba anazijua. Ameuza maharage miaka mingi kuliko umri wangu. Alizisoma moja moja.

"Hiyo ndiyo iliyo humu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na inatoka wapi?"

Akageuka, akaenda chumba cha nyuma. Tulimsikia akikohoa, tukamsikia akisogeza kitu, kisha akapita mbele yetu ameshika vijinga viwili vinavyofuka, mikono imenyooshwa mbali na uso, macho yamefumbwa nusu. Akatoka navyo nje. Akarudi, akachukua kingine. Shangazi alitaka kumsaidia, akazuiwa kwa kiwiko. Mafiga nilibeba mimi, bado ya moto, kwa magunia. Kuku walifukuzwa kwa kelele ambazo naamini zilifika kwa mama Mkongo. Ndani ya jiko la nje bibi aliyapanga mawe matatu, akayapanga upya, akapuliza. Moshi ukasitasita, ukaona tundu, ukapanda.

Kisha tukarudi chumbani, tukafunga mlango na dirisha, tukaketi watatu kwenye kitanda kimoja tukitazama simu kama watu wanaotazama mpira. Mia na sabini. Mia na thelathini. Ilisimama kwenye mia kwa muda mrefu, na bibi akaikemea kwa Kirundi. Tisini na sita. Sabini na moja. Iliposhuka hadi arobaini, shangazi alimwegemea mama yake begani, na sikumbuki kuwahi kumwona akifanya hivyo.

Hakuacha kukohoa siku hiyo. Alikohoa kabla ya kula na baada ya kula. Lakini tulikula ugali wa muhogo na maharage nje, karibu na moto mpya, na shangazi alimsikiliza kwa makini, kama anavyosikiliza fundi anayemweleza kasoro ya paa.

"Mwezi mmoja," alisema hatimaye. "Na daktari tunaenda wote Jumatano. Na moto ukirudi ndani, nitauona kwenye simu. Nifungulie na mimi hiyo programu."

"Mama yako si mfungwa," bibi alisema.

"Si mfungwa. Ila nitaangalia."

"Angalia. Utaona nakaa."

Nikamwekea. Shangazi akakunjua kanga mbili alizokuwa ameshazitia mfukoni, akazirudisha kwenye kamba juu ya kitanda, moja moja, akizilainisha kwa kiganja. Mfuko ulirudi mtupu kwapani mwake.

Kwetu mgeni husindikizwa. Unatoka naye, unapita naye migomba, unasimama naye barabarani mpaka maneno yaishe, na maneno hayaishi. Shangazi alijua hivyo, akasimama kizingitini akimngoja mama yake avae kandambili, huku akimkumbusha dawa, akimkumbusha Jumatano, akimkumbusha blanketi, mlango wazi nyuma yake na vumbi la Julai likiingia kwa raha zake.

Mimi nilikuwa nikibaki kulala hapo hadi kesho yake, na bibi alikuwa ameshika simu yangu mpya kwa mikono miwili.

"Ilikuwa ishirini na mbili," alisema. "Sasa ishirini na tisa. Binti yangu, umetoka au umeingia?"

"Mama, nakuaga!"

"Umeshaniaga. Nenda na Mungu, nakupenda, hewa inatoka."

Akamsukuma shangazi taratibu kwa ncha za vidole mpaka nje ya kizingiti, akaufunga mlango.