Lava wa Chupa Mbili

Serikali ilikuwa inahamia Dodoma kwa mwendo wa kinyonga, na mkubwa mmoja akaona bahari nayo ihamie. Basi maabara yetu ya lava, vichanga vya viumbe wa baharini, ikafunguliwa hapa, mahali ambapo hata maji ya bomba yalitoka kwa zamu. Chupa zililetwa kutoka Pwani kwa treni, viumbe wakiwa ndani ya spiriti, wadogo kuliko punje ya uwele. Tuliwatambua kwa hadubini, mimi na binti mmoja kutoka kijiji cha Busi. Ilikuwa miaka ya kupunguza wafanyakazi, na tulijua mmoja wetu ataondoka.

Mkubwa nilimdharau, maana kila kiumbe kwake alikuwa samaki. Binti nilimdharau zaidi. Mimi nilikuwa na stashahada. Yeye alikuwa na kidato cha nne na mazoea ya kupepeta ulezi.

Lava wa chupa ya kwanza walikuwa na mwiba mrefu mgongoni. Wa chupa ya pili hawakuwa nao, ila walikuwa na magando. Nikaandika: aina mbili. Binti akaniita.

"Mzee, hebu mtazame huyu. Ana mwiba, na magando yamejikunja ndani ya ngozi. Si ndiye yule yule, anakua?"

"Hayo umesomea wapi?"

"Kwani funza wa mtama kule kwetu hageuki nondo?"

Nilicheka mpaka nikavua miwani. "Hapa ni maabara, si shamba." Hadubini yake sikuitazama.

Mkubwa aliponiuliza nani abaki, nilimpelekea daftari la binti, kosa lake, "aina moja", nimelizungushia wino mwekundu. Ijumaa binti alirudisha koti jeupe la maabara, amelifua na kulipiga pasi.

Sampuli tulikuwa tumezipeleka Ulaya zikapimwe vinasaba, ambavyo havidanganywi na umbo. Majibu yalifika miezi mingi baadaye: chupa zote mbili, kaa wa aina moja, umri tofauti. Mkubwa aliisaini barua bila kuisoma, mpumbavu yule. Mimi niliisoma, nikajiona takataka, nikaitia mfukoni.

Jumamosi nilikwenda soko la Majengo kununua uwele. Nilimkuta binti nyuma ya magunia, anapepeta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Wale wa chupa mbili, majibu yalikuja?"

Barua ilikuwa bado mfukoni, naigusa kwa vidole.

"Bado," nikasema.

Akanijazia kopo, kisha akaniongezea konzi moja ya bure.